Mdoli Wenye Chumvi Kiunoni

Jumamosi ile ndiyo ilikuwa ya kuamua kama akina mama watano wa Mlowo wataendelea kushona au watarudi kuchambua kahawa ya watu. Walikuwa wamekubaliana hivyo wenyewe. Midoli sitini waliyoishona kwa miezi mitatu ikipata wapenzi wake pale Tunduma, wanaendelea. Ikirudi nyumbani, cherehani zinafunikwa. Mimi sikulijua hilo. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ukumbi na karatasi yangu mkononi, mwenye furaha kuliko mtu yeyote pale, nikiamini kwamba nawalinda.

Binti Chumvi ni katuni. Anaichora Hezron, kijana wa Ivuna, kwa kalamu kwenye karatasi za daftari, kisha anaipiga picha kwa simu na kuituma kwenye magrupu ya WhatsApp kila Ijumaa jioni. Ni habari za msichana anayetembea kutoka kwenye machimbo ya chumvi, kifuko cha chumvi kiunoni, na popote anapofika hazungumzi na mtu kabla hajamwonjesha. Aliyeionja chumvi yake hawezi tena kumdanganya. Kila toleo linaishia na maneno mawili: "Onja kwanza." Sisi mashabiki tumeyafanya salamu. Mmoja anasema, "Onja!" Mwingine anajibu, "Nimeonja!" Utaisikia kwa vijana wa bodaboda wa Mkwajuni, na utaisikia ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwa watu ambao Kiswahili chao chote ni hicho na bei za bidhaa.

Nilianza kumsoma Binti Chumvi nikiwa mwaka wa mwisho chuoni. Niliendelea kumsoma mwaka mzima nilipokuwa nyumbani, Mbozi, nikituma maombi ya kazi yasiyojibiwa. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yangu. Kwa hiyo Hezron alipoandika kwenye grupu kwamba tufanye kusanyiko la mashabiki, nilijitolea kabla hata hajataja mahali.

Kamati ilikuwa watu watatu: Hezron, mimi, na Boazi, fundi wa mabango mwenye kibanda karibu na stendi ya Tunduma. Hezron alituambia kuna akina mama Mlowo wanaoshona midoli ya Binti Chumvi, na kwamba siku ya kusanyiko ndipo itakapouzwa rasmi. Akatutumia picha ya mmoja ili Boazi atengeneze bango. Mdoli ulikuwa umesimamishwa dirishani. Ulikuwa wa gunia la kahawa, na herufi za gunia zilionekana tumboni. Jicho moja lilikuwa kubwa kuliko jingine. Mdomo ulipanda upande mmoja.

"Hapa pana kazi," alisema Boazi.

Akaifanyia kazi kwa simu yake. Akafuta herufi, akasawazisha macho, akanyoosha mdomo, akaipa ngozi ya gunia rangi moja laini. Alipomaliza nilipiga makofi. Nilisema, nakumbuka vizuri, "Sasa unaonekana kama wa nje." Tulipomtumia Hezron, alijibu tu, "Ni mzuri." Sikuuliza kwa nini jibu lake lilikuwa fupi hivyo.

Bango likaenda kila mahali. Wiki tatu baadaye shabiki mmoja wa Mkwajuni akaandika kwamba ameuziwa mdoli feki na mchuuzi wa pikipiki. Hakuweza kutuma picha kwa sababu mwanawe alikuwa ameshaupasuapasua. Hezron aliumia. Alitutumia sauti, na nyuma yake nilisikia ng'ombe wakipita: "Jamani, wale mama wameshona mpaka vidole vimeota sugu. Feki zikiingia kwenye kusanyiko letu wenyewe, nitawaambia nini?"

Hapo moyo wangu ukawaka. Boazi alipata mtandaoni makala ya Kiingereza kuhusu makongamano makubwa ya mashabiki huko nje, na namna ya kutambua bidhaa feki. Niliitafsiri usiku huohuo, nikaichapa, nikaipiga laminesheni. Ilikuwa na dalili tano. Mshono uliopinda. Rangi zisizolingana. Hakuna lebo. Hakuna boksi. Bidhaa mbili za aina moja hazifanani. Mwisho nikaongeza kanuni ya kwangu mwenyewe, na wenzangu wakaipitisha: mwenye mzigo wa feki atarudishwa, na mdoli mmoja utakatwa shingo mbele yake ili ajue hatutanii.

Mimi sikuwa nimewahi kuushika mdoli hata mmoja. Nilichokijua ni bango.

Tulikodi ukumbi nyuma ya soko. Hezron alifika asubuhi kwa lori la chumvi, vumbi hadi kwenye kope, akaingia chumba cha nyuma kupanga michoro yake. "Midoli inaletwa na mama mdogo wangu kutoka Mlowo," aliniambia akipita. "Mpeleke meza ya kitambaa cheupe."

Mashabiki walianza kuja saa mbili. Wengine walikuwa wamejifunga vifuko viunoni kama Binti Chumvi. Msichana mmoja wa Galula alijipaka unga usoni uwe kama chumvi iliyokaukia. Kila aliyepita nilimwambia, "Onja!" na kila mmoja aliniitikia, na nilijisikia kama mtu ambaye hatimaye amepata kazi.

Kabla ya saa tatu alikuja mama mmoja mnadhifu mwenye ushungi wa kijani, nyuma yake mkokoteni umejaa maboksi.

"Dada, karibu. Umebeba nini?"

"Midoli ya Binti Chumvi, mdogo wangu. Nimesikia leo watu wake wako hapa."

Nilifungua boksi moja. Lilikuwa na kidirisha cha nailoni, na ndani yake mdoli umesimama kama ulivyo kwenye bango, macho sawa, mdomo sawa, ngozi laini. Nikafungua la pili. Ule ule. Mshono ulinyooka. Lebo ipo. Dalili hata moja kati ya zile tano haikuwepo.

"Karibu sana," nilisema. "Meza yenu ni ile ya kitambaa cheupe."

"Meza yangu?" Alisita. "Kuna kulipia?"

"Hapana, dada. Mlishaandaliwa."

"Ee, Mungu awabariki," alisema, akamwambia wa mkokoteni aingize haraka kabla sijabadili mawazo. Jina lake nilikuja kulijua baadaye, Faudhia. Ndani ya nusu saa alikuwa amewauzia watu kumi na mmoja.

Saa nne kasoro ikaja bodaboda, na juu yake mama wa makamo amekumbatia begi la shangazi kaja lililokuwa kubwa kuliko yeye. Alikuwa amevaa kitenge cha siku ya ibada na viatu vilivyotoka kupigwa rangi. Alishuka taratibu, akajikung'uta vumbi, akatabasamu kwa foleni nzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Onja!"

"Nimeonja!" nilijibu harakaharaka. "Umebeba nini, mama?"

"Nimewaletea binti yenu."

Alifungua zipu. Nilitoa mdoli wa kwanza, nikaweka karatasi yangu pembeni yake. Mshono ulipinda. Tumboni palikuwa na herufi nusu za gunia. Lebo hapana, boksi hapana. Nikatoa wa pili: ulikuwa mfupi kuliko wa kwanza, na ulikuwa unacheka wakati wa kwanza umenuna.

"Mama, hii haiwezi kuingia."

"Haiwezi kuingia wapi?"

"Humu ndani. Samahani sana. Ni feki."

Aliutazama mdoli, akanitazama mimi. "Nimeshona mwenyewe. Inakuwaje feki?"

"Ndiyo maana, mama. Hii imeshonwa tu nyumbani. Yenyewe inatoka..." Nikakwama, kwa sababu sikujua yenyewe inatoka wapi. "Yenyewe imeshafika. Iko mezani."

"Imeletwa na nani?"

"Na wenyewe."

Kijana mmoja kwenye foleni akapaza sauti, "Mama, na mimi nishonee kaptula basi!" Watu wakacheka. Mama yule naye akacheka kidogo, kwa adabu, kama mgeni anayecheka utani asiouelewa.

"Niitie Hezron," alisema. "Mwambie ni Ketrina."

"Hezron ana kazi, mama. Asubuhi hii watu wanne wameshaniambia wanamjua."

Ningeweza kwenda. Chumba cha nyuma kilikuwa hatua thelathini. Lakini foleni ilikuwa ndefu, watu walikuwa wanatazama, na mimi nilikuwa na kanuni. Nilichukua mkasi. Nilitaka kumwonea huruma, ndivyo nilivyofikiri, kwa hiyo sikuchukua mdoli mpya. Niliingiza mkono chini kabisa ya begi, nikatoa mmoja uliokuwa umefungwa kwenye leso peke yake, mkuukuu, umefifia, sikio moja limetafunwa na panya. Huu, nilijiambia, hata ukikatwa hautamtia hasara.

"Huo hapana," alisema. "Mwanangu, huo weka."

Nikakata.

Maganda makavu ya kahawa yalimwagika kutoka shingoni, yakaanguka juu ya meza na kwenye viatu vyangu. Yeye aliinama akayaokota, ganda moja moja, akayaweka kwenye leso. Kisha akafunga zipu. Alipokwisha kulibeba begi aliniambia kwa sauti ya chini, bila hasira, "Ulisema umeonja. Hukuonja." Akageuka kuelekea barabarani.

Nilimwita anayefuata. Lakini mikono yangu ilikuwa inanuka. Ilinuka Mbozi, mwezi wa saba, kahawa ikikobolewa na mama yangu akipepeta uani. Nilitazama mezani. Pembeni ya mkasi palikuwa na vipande viwili vya chumvi vilivyodondoka kutoka kwenye kifuko cha ule mdoli wa zamani, vya kijivu, vikubwa kama punje za mahindi. Nikaweka kimoja ulimini. Kilikuwa na ule uchungu wa mbali wa chumvi ya Ivuna, ile ambayo bibi yangu hakukubali kupikia nyingine badala yake mpaka alipofariki.

Niliacha mlango. Nilikwenda meza ya kitambaa cheupe, nikachukua mdoli wa boksi, nikaupasua kifuko kwa ukucha.

"We binti, vipi tena?" Faudhia alishtuka.

Ndani ya kifuko palikuwa na kipande cha sponji.

"Dada, hii ulitoa wapi?"

"Nilinunua kwa jumla. Mwenye duka aliniambia ndiyo yenyewe, hata wewe si umesema ndiyo yenyewe? Umenipa meza!" Macho yake yalikuwa yamejaa hofu ya kweli. Ni kweli, meza nilimpa mimi.

Nilikimbia. Barabara ya kuelekea mpakani ilikuwa imejaa malori yaliyosimama, na mama Ketrina alikuwa ng'ambo ya barabara, ameketi juu ya begi lake kwenye kivuli cha tela moja, akisubiri kosta ya Mlowo. Leso ilikuwa magotini. Nilipiga magoti mbele yake, kwenye mafuta machafu na vumbi, na sketi yangu nzuri.

"Mama, nimeonja sasa."

"Umechelewa," alisema.

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Wewe ni mtoto. Lakini nitawaambia nini wenzangu? Wanne wako nyumbani, wanasubiri niwapigie simu. Tumekubaliana, hii ikirudi tunaacha. Mwingine ameshatafuta hadi nafasi ya kuchambua kahawa." Akafunua leso. "Na huu nitamwambia nini Hezron?"

Hapo ndipo aliponieleza, na alieleza huku akitazama malori, si mimi. Hezron aliletwa Mlowo akiwa na miaka saba ili asome, maana Ivuna shule ilikuwa mbali. Alikuwa akilia kila jioni, anataka kwao. Mama mdogo wake, ndiye Ketrina mwenyewe, akachukua gunia la kahawa akamshonea mtu wa kulala naye. Kiunoni akamfungia kifuko, na ndani akatia chumvi iliyotumwa na baba yake, ili mtoto akikumbuka kwao aonje. Shuleni walimcheka, mvulana anayelala na mdoli. Hakuuacha. Alipokuwa mkubwa akaanza kuuchora.

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe," alisema. "Ningeweza kumpa kondakta mzigo. Nilitaka watu wamwone yule binti wa kwanza."

Nililia. Yeye aliniacha nilie, kisha akasema, "Basi, inatosha. Unaziba njia."

"Rudi nami, mama. Tafadhali."

"Nirudi nikafukuzwe tena?"

"Nitasema mwenyewe. Kwenye kipaza sauti. Nitasema nilichofanya."

Alifikiri. Kosta ilifika, kondakta akaita Mlowo, Mlowo, akamtazama. Mama Ketrina alimpungia mkono aendelee. Kisha akaniambia, "Beba begi. Na sindano unajua kushika?"

"Kidogo."

"Utaushona wewe."

Ukumbini nilipanda jukwaani na begi begani. Nilikuwa nimewahi kufikiria siku ya kusimama mbele ya watu wengi hivyo, lakini si kwa maneno hayo. Nilisema kwamba midoli ya mezani ilipitishwa na mimi, na ya kweli ilifukuzwa na mimi. Nilisema bango letu lilidanganya kwanza, kwamba tuliona aibu ya gunia, tukalifuta, na walioiga waliiga aibu yetu. Nilinyanyua karatasi ya laminesheni wakaiona. Kisha nikasema, "Hakuna dalili tano. Ipo moja, na tunaisema kila siku."

Halafu yule yule kijana wa kaptula akaita kutoka nyuma, kwa sauti iliyopooza kidogo, "Onja kwanza."

Walikuja mezani. Mama Ketrina alifungua kifuko cha mdoli wa kwanza, akamtilia kila mmoja chembe kiganjani. Vijana wawili wa Nakonde walikunja uso kwa uchungu wake, wakacheka, mmoja akasema, "Bamayo, mukwai, iyi ndiyo," yaani, mama, hii ndiyo yenyewe, akanyanyua vidole viwili kutaka miwili. Mwanamke wa Ivuna aliyehamia Tunduma aliweka chembe yake ulimini akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu hadi foleni ikamsubiri. Walianza kuchagua, na hapo ile dalili yangu ya tano ikageuka: hakuna aliyetaka mdoli wowote tu. Huyu alitaka ulionuna, yule alitaka wenye herufi tumboni, wengine walibishania mmoja wenye mdomo uliopinda.

Faudhia alikuwa akifunga maboksi yake. Nilimfuata kumwomba radhi naye, na wale wanunuzi wake kumi na mmoja walimfuata pia. Aliwarudishia wote bila kubishana, isipokuwa msichana wa Galula, yule wa unga usoni, aliyekumbatia boksi lake akasema, "Mimi wangu naupenda hivihivi. Nitautilia chumvi mwenyewe." Mama Ketrina alimsikia. Akamwita, akautoboa kifuko cha mdoli ule wa boksi, akatoa sponji, akautilia chumvi. Faudhia alisimama akitazama. "Mama," alisema hatimaye, "hivi na mimi nikitaka ya kuuza, ya hiyo ya kwenu, unanipa?" Mama Ketrina akamjibu, "Njoo Mlowo kwanza uone inavyoshonwa."

Hezron alikuwa ametoka chumba cha nyuma nilipoanza kusema jukwaani. Hakunisogelea hadi watu walipopungua. Aliuchukua mdoli kutoka kwenye leso, mwili mkono mmoja na kichwa mkono mwingine, akavishikanisha, kama mtu anayetaka kuona kama labda havijaachana.

"Ni huyu?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ndiye," alisema mama mdogo wake. "Mpe huyo ashone."

Akanipa. Nafikiri lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kunifanyia mtu, kuniamini na kitu nilichokiharibu asubuhi ileile. Nilirudisha maganda ndani, ganda moja moja. Uzi uliokuwepo ulikuwa mwekundu tu.

"Usiufiche mshono," mama Ketrina aliniambia bila kuacha kuhudumia wateja waliobaki. "Vuta. Ukiuonea huruma uzi, utaachia."

Jioni mama Ketrina alipiga simu Mlowo. Alizungumza Kinyiha, kifupi, na kutoka upande wa pili nikasikia vigelegele vya wanawake wanne vikipasua spika ya simu. Begi la shangazi kaja lilikunjwa likawa dogo kama gazeti.

Boazi alibadilisha bango Jumatatu. Alirudisha picha ya dirishani kama ilivyokuwa, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Ijumaa iliyofuata toleo likaja kwa wakati wake. Binti Chumvi alikuwa anatembea kama kawaida, kifuko kiunoni, na shingoni alikuwa na mshono mwekundu, mbovu, wenye vifundo. Hezron hakueleza. Kwenye grupu watu waliandika mengi kuuhusu.

Dakika chache baadaye simu yangu ikalia. Ilikuwa sauti kutoka namba nisiyoijua, na nyuma yake cherehani zilikuwa zinakimbia.

"Tusekile, mwanangu. Ni Ketrina. Nimeuona mshono wako kwenye simu. Ni mbaya sana. Tuna oda za watu arobaini na mikono haitoshi. Jumatatu uje Mlowo ujifunze. Na ule mkasi wako uache hukohuko."